Ushuru wa forodha ukipanda, anayelipa ni nani? Tupige hesabu

Daftari (mleta uzi)

Wadau, salaam.

Serikali yoyote ikitangaza ushuru mpya kwa bidhaa za nje, maneno huwa hayabadiliki: tunawabana wageni, tunalinda ajira za watu wetu, tunajaza hazina. Nimeyasikia kwa wanasiasa wa mrengo wa kulia na wa kushoto, wa nchi tajiri na wa nchi maskini. Nafungua uzi huu kwa sababu naamini familia za kipato cha chini ndizo zinazobanwa zaidi na ushuru huo, na linaloniuma ni kwamba zinalipa bila kuonyeshwa. Kodi ya mshahara unaiona kwenye hati ya malipo. Kodi ya ongezeko la thamani unaiona kwenye risiti. Ushuru wa forodha huuoni popote, maana umeshaingia ndani ya bei kabla bidhaa haijafika dukani.

Huyo mgeni tunayeambiwa anabanwa hasimami kwenye dirisha la forodha. Anayesimama pale ni mwagizaji wa ndani au wakala wake, na mzigo hautoki mpaka alipe. Ni kweli muuzaji wa nje anaweza kushusha bei ili asipoteze soko, na hapo sehemu ya ushuru ikamwangukia yeye. Hilo ndilo linaloahidiwa kwenye hotuba. Lakini mwaka 2018 Marekani ilipopandisha ushuru kwa bidhaa nyingi za China, na kwa chuma na alumini kutoka nchi nyingi, wachumi Mary Amiti, Stephen Redding na David Weinstein walifuatilia bei za mpakani. Walikuta karibu mzigo wote umebaki Marekani kwenyewe, kwa waagizaji na wateja wao. Bei za wauzaji wa nje hazikushuka kwa kiasi cha maana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu umepimwa vizuri, ni wa mashine za kufulia. Februari 2018 Marekani ilianza kutoza asilimia 20 kwa mashine milioni 1.2 za kwanza zinazoingia kwa mwaka, na asilimia 50 kwa zitakazozidi hapo. Bei za mashine za kufulia zikapanda kwa karibu asilimia 12. Hilo lilitegemewa. Lisilotegemewa ni kwamba mashine za kukausha nguo, ambazo hazikuguswa na ushuru huo, nazo zilipanda kwa kiasi kinachokaribiana. Wateja wengi hununua mbili kwa pamoja, kwa hiyo wauzaji waligawa ongezeko kwenye zote. Na mashine zilizotengenezwa ndani ya Marekani zilipanda vilevile, maana mshindani wako akilazimishwa kupandisha bei, wewe unabaki na bei ya zamani kwa sababu gani? Watafiti Aaron Flaaen, Ali Hortaçsu na Felix Tintelnot walikadiria kwamba wateja waliongezewa gharama ya takriban dola bilioni 1.5 kwa mwaka. Hazina ilikusanya dola milioni 82 tu kutokana na ushuru wenyewe. Ajira mpya zilikuwa kama 1,800. Gawanya mwenyewe: kila ajira iligharimu wateja zaidi ya dola 800,000 kwa mwaka.

Rudieni hizo namba mbili, bilioni 1.5 na milioni 82. Hapo ndipo penye hoja yangu yote. Pesa iliyotoka mfukoni mwa familia ni nyingi mno kuliko iliyofika hazina, na hakuna waziri aliyesimama bungeni kuomba idhini ya kuitoza.

Karibuni tujadili. Naomba tusilete ushabiki wa vyama.

MamaWaWatatu

Asante kwa kufungua mada hii. Sina elimu ya uchumi, ila bajeti ya nyumba naijua, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Bei zikipanda, cha kwanza kupungua si chakula cha watoto. Cha kwanza ni changu mimi. Nguo yangu inasubiri, dawa yangu ya presha nameza siku moja naruka siku moja (najua haifai, msinisute). Cha pili ni akiba. Ile pesa ndogo iliyokuwa inawekwa kando kwa ajili ya dharura inaanza kuchotwa, mwezi huu kidogo, mwezi ujao kidogo, mpaka siku dharura yenyewe inakuja unakuta hakuna kitu. Cha tatu ni vitu vya kudumu. Viatu vya shule nanunua vikubwa namba mbili ili vifike mwakani, mtoto anatembea navyo vimejazwa vitambaa mbele.

Na kuna jambo hatulisemi vya kutosha. Sabuni niliyozoea bei yake haikupanda kabisa. Nikafurahi. Kumbe kipande kimepungua. Mche uliokuwa unafua nguo za wiki nzima sasa unaishia katikati. Nilikuja kugundua nilipouweka wa zamani na mpya kwenye meza moja, maganda yanafanana kila kitu isipokuwa ile namba ndogo ya gramu chini kabisa. Huo nao ni upandaji wa bei, tena wa kificho.

Daftari

Dada, pole sana, na dawa ya presha tafadhali usiiruke. Mweleze daktari wako ukweli kwamba gharama imekushinda, mara nyingi kuna aina nyingine ya dawa yenye bei nafuu inayofanya kazi ileile.

Ulichoeleza kinajulikana tangu zamani. Mwaka 1857 mtakwimu wa Ujerumani, Ernst Engel, alichambua matumizi ya familia za wafanyakazi akakuta kwamba kadiri familia inavyokuwa maskini ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato chake inavyokwenda kwenye chakula. Tajiri bei zikipanda anapunguza akiba au anaahirisha safari. Maskini hana cha kuahirisha, kipato chote kimeshapangiwa kazi. Kwa hiyo hata ushuru ukiwa wa kiwango kimoja kwa bidhaa zote, uzito wake haulingani kamwe.

Tena mara nyingi haujawa wa kiwango kimoja. Tazama jedwali la ushuru la Marekani, lile la kawaida lililokuwepo hata kabla ya vita vya biashara vya 2018. Sweta ya nyuzi za kutengenezwa viwandani hutozwa asilimia 32. Sweta ya sufu, asilimia 16. Sweta ya kashmiri, ile laini ya watu wenye uwezo, asilimia 4. Viatu ni hivyohivyo: baadhi ya raba za bei ya chini kabisa hutozwa asilimia 48, wakati viatu vingi vya ngozi vya wanaume wa ofisini hutozwa asilimia 8.5. Sidhani kuna aliyekaa akapanga kuwatesa maskini. Ni mabaki ya mikataba na ushawishi wa viwanda vya miaka mingi. Mahali palipokuwa na kiwanda cha ndani cha kulinda, ushuru ulibaki juu. Lakini matokeo kwa anayevaa sweta ya bei nafuu ni yaleyale.

MgomboaMzigo

Mimi naagiza bidhaa, si kwa ukubwa wa kutisha, na kila mara napitia bandarini kugomboa mzigo. Naomba niwaonyeshe jinsi ushuru unavyokua njiani, maana watu wanadhani ushuru ukiwa asilimia 25 basi bei inapanda kwa asilimia 25 ya thamani ya mpakani na mambo yameisha.

Tuseme kitu kimefika bandarini kikiwa na thamani ya 100. Pesa gani haijalishi. Bila ushuru, mwagizaji anaweka faida na gharama zake asilimia 20, inakuwa 120. Muuza rejareja anaweka asilimia 30, inakuwa 156. Kodi ya ongezeko la thamani tuseme ni asilimia 20, mteja analipa 187.2.

Sasa weka ushuru wa 25. Kitu kinatoka bandarini kikiwa 125. Mwagizaji asilimia 20, inakuwa 150. Muuza rejareja asilimia 30, 195. Kodi ya ongezeko la thamani juu yake, 234. Tofauti ni 46.8. Ushuru ulikuwa 25, mteja kaongezewa karibu 47. Mle ndani hazina imepata 25 ya ushuru na 7.8 ya kodi ya ongezeko la thamani, na 14 zilizobaki zimeishia kwetu sisi wa katikati.

Kabla hamjanirushia mawe: hizo 14 si faida tupu. Ushuru unalipwa kabla hujauza hata kimoja. Kama ulikuwa unahitaji mtaji wa 100 kuzungusha mzigo, sasa unahitaji 125, na hiyo 25 wengi tunaikopa kwa riba. Pesa ikichelewa kupatikana, kontena linakaa, gharama za kuhifadhi zinahesabiwa kwa siku na mwenye kontena naye anadai lake. Wenye mitaji mikubwa wanavumilia, wanaweza hata kumeza sehemu ya ushuru kwa miezi kadhaa ili wasipoteze wateja. Wadogo hatuwezi. Nimeona wenzangu wakiacha kuagiza kabisa, na baada ya hapo wanaobaki sokoni ni wachache, na wachache wakibaki bei haiwi na wa kuishindanisha.

Mwanafunzi wa Uchumi

Mkuu Mgomboa, hapo umefafanua kuliko mhadhara. Naongezea kitu kimoja ambacho naona hakisemwi.

Katika nchi nyingi ushuru haukokotolewi kwa thamani ya bidhaa peke yake. Hukokotolewa kwa thamani ya bidhaa pamoja na bima na nauli ya meli mpaka bandarini. Maana yake nauli ya meli ikipanda, ushuru nao unapanda kwa pesa halisi hata kama asilimia haijaguswa. Mwaka 2021 nauli za makontena zilipaa duniani kote. Kuanzia mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilianza kuikwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi ya Wahouthi, waasi wa Yemen, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika, safari ikawa ndefu na ghali. Katika nchi zinazotumia mfumo huo, mteja alilipia nauli iliyopanda, kisha akalipia ushuru juu ya nauli iliyopanda. Marekani ni tofauti, wao hukokotoa kwa thamani ya bidhaa bila nauli ya kimataifa.

Sarafu ni hivyohivyo. Mzigo una bei ya dola, ushuru unalipwa kwa sarafu ya nchi. Sarafu ikishuka thamani, ushuru umepanda bila bunge kukaa.

KiwandaKwanza

Nimesoma yote na nina hoja ya kupinga, naomba isomwe kwa utulivu.

Hakuna taifa kubwa la viwanda lililoanza na milango wazi. Marekani ya karne ya 19 iliishi kwa ushuru. Kabla kodi ya kudumu ya mapato ya shirikisho haijaanza mwaka 1913, serikali yao ilitegemea sana forodha. Ujerumani ililinda. Korea Kusini ililinda. Wakishapanda juu wanatuambia ngazi ni mbaya. Na huyo mfanyakazi wa kiwandani naye ana familia. Kiwanda kikifungwa kwa sababu ya bidhaa za bei chee kutoka nje, bei nafuu ya dukani itamsaidia nini asiye na mshahara? Mnapiga hesabu ya mlaji, mmesahau kwamba mlaji huyohuyo asubuhi ni mzalishaji.

Halafu nchi maskini zinatoza ushuru kwa sababu ya ulazima. Mapato ya watu wengi hayajasajiliwa popote, biashara nyingi hazina vitabu. Bandari iko moja au mbili, na mzigo unaonekana kwa macho. Ukifuta ushuru, hospitali utaziendesha kwa nini?

Daftari

Hoja nzito, na sitaki kuikwepa.

Kuhusu mapato ya serikali, nakubaliana na wewe. Ushuru ni rahisi kukusanya, na nchi isiyo na njia nyingine haiwezi kuufuta kesho asubuhi. Ninachodai ni kwamba uitwe kwa jina lake: kodi ya wananchi. Ukiitwa hivyo utajadiliwa kama kodi nyingine, nani alipe zaidi, nani asamehewe, vitu gani visiguswe kabisa.

Kuhusu Korea Kusini, tusiishie nusu ya hadithi. Chini ya rais wao Park Chung-hee kampuni zilipewa ulinzi na mikopo nafuu, ndiyo, lakini zilidaiwa kuuza nje, na malengo ya mauzo ya nje yalifuatiliwa kwa karibu. Mlaji wa Korea alilipa bei ya juu, na alichokilipia kilikuwa na sharti. Ulinzi usio na sharti wala tarehe ya mwisho ni jambo jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za Ulaya zilipandisha ushuru kwa kuku wa Marekani. Marekani ikajibu kwa kutoza asilimia 25 kwa magari madogo ya mizigo kuanzia 1964. Ugomvi wa kuku ulisahaulika zamani. Ile asilimia 25 ilikuwa bado ipo miaka 60 baadaye, na kila fundi au mkulima wa Marekani aliyetaka gari dogo la mizigo alichagua kwenye soko lililozungushiwa uzio.

Na kuhusu mfanyakazi wa kiwandani, hapo ndipo hesabu inaponisumbua zaidi. Chuma kikitozwa ushuru, kiwanda cha chuma kinapumua. Lakini watu wanaofanya kazi kwenye viwanda vinavyonunua chuma, vya magari, vya mashine, vya makopo, vya vyuma vya ujenzi, ni wengi mara nyingi zaidi ya wanaoyeyusha chuma chenyewe. Hao malighafi yao imepanda bei, na familia zao hazionekani kwenye picha ya siku ya tangazo.

Cherehani

Hapo kwenye malighafi ndipo nilipo mimi. Nashona, na nina vijana wawili wanaonisaidia.

Nguo iliyotengenezwa nje ikitozwa ushuru, watu wananipongeza, wanasema sasa soko ni lako. Lakini zipu inatoka nje. Sindano za mashine, nyuzi, vifungo, kitambaa cha kola, mafuta ya mashine, vyote vinatoka nje. Ushuru ukivigusa hivyo, gharama yangu imepanda kabla sijakata kitambaa. Zipu mbovu ya bei ya chini inakatika mteja akiwa hajafika kwake, anarudi na hasira, nabadilisha kwa gharama yangu. Kwa hiyo nanunua nzuri, na nzuri imepanda. Mteja anayekuja kushonesha sare ya mtoto mfuko wake ni uleule, nikimpandishia anaondoka, nisipompandishia mmoja wa vijana wangu ndiye anayepunguziwa siku za kazi.

Mtu akiniuliza nataka nilindwe vipi, nitamwambia: niondolee ushuru kwenye zipu kwanza.

JiraniMwema

Nauliza swali la kawaida. Serikali zinatangaza mfumuko wa bei umeshuka, kwenye taarifa wanashangilia. Mbona sokoni bei hazishuki?

Mwanafunzi wa Uchumi

Swali zuri na linawachanganya wengi. Mfumuko wa bei ni kasi ya kupanda. Ukishuka kutoka asilimia 9 hadi 3, bei bado zinapanda, ila polepole zaidi, na zinapandia pale zilipofika. Marekani mfumuko ulifika asilimia 9.1 Juni 2022, kisha ukapungua sana. Bei zenyewe kwa ujumla hazikurudi zilipokuwa 2020. Familia ambayo mshahara wake haukupanda kwa kiasi kilekile ilibaki imeachwa nyuma, na kila mwezi inahisi hivyo hata kama taarifa ya habari inasema mambo yametulia.

Ushuru una tabia hiyo. Ukipandishwa mara moja, bei zinaruka ngazi moja juu, na baada ya mwaka mmoja ongezeko hilo halionekani tena kwenye takwimu za mfumuko, kwa sababu wanalinganisha na mwaka uliopita ambao nao ulikuwa juu. Kwenye takwimu limeisha. Kwenye pochi bado lipo.

MamaWaWatatu

Ahsante kwa maelezo hayo. Siku zote nilidhani wanatudanganya, kumbe wanapima kitu kingine na sisi tunaishi kitu kingine.

Daftari

Nirudi kwenye matukio ya 2025, kwa sababu yameonyesha jambo hili kwa uwazi ambao hatukuwa nao kwa miaka mingi.

Aprili 2, 2025 Rais Donald Trump alitangaza ushuru wa angalau asilimia 10 kwa karibu kila nchi, na zaidi ya hapo kwa nchi nyingi. Ndani ya siku chache ule wa China ulifikishwa asilimia 145. Mei ukashushwa hadi 30 baada ya mazungumzo ya Geneva. Hebu mfikirie mtu kama Mgomboa aliyeagiza mzigo Machi ukafika Mei. Bei gani atamwambia mteja wake? Sintofahamu yenyewe ni gharama, maana mfanyabiashara asiyejua kesho itakuwaje anajiwekea tahadhari ndani ya bei ya leo.

Vifurushi vidogo navyo. Kwa miaka kadhaa mzigo wenye thamani isiyozidi dola 800 uliingia Marekani bila ushuru, na watu wengi wa kipato cha chini waliutumia mlango huo kununua nguo na vitu vya nyumbani kwa bei nafuu. Mei 2025 mlango ukafungwa kwa China na Hong Kong, na mwishoni mwa Agosti ukafungwa kwa nchi zote.

Kisha Novemba 2025 serikali ileile iliyosema wageni ndio wanaolipa ikaondoa ushuru wake mpya kwa kahawa, ndizi, nyanya, nyama ya ng'ombe na vyakula vingine, katikati ya malalamiko ya wananchi kuhusu gharama za maisha. Kama aliyekuwa akilipa ni mgeni, kwa nini kuuondoa kumpunguzie mzigo mwenyeji? Kitendo hicho kimejibu kuliko hotuba zote.

Na kuna familia za upande wa pili wa bahari ambazo hazikupiga kura kwenye jambo hili. Lesotho ilitajiwa asilimia 50 siku ile ya Aprili. Nchi ndogo, viwanda vyake vya nguo vinaajiri zaidi wanawake na vinauza sana Marekani. Asilimia hiyo ilitokana na kanuni iliyogawa pengo la biashara kwa thamani ya bidhaa walizouza, kisha ikagawa kwa mbili. Yaani walihukumiwa kwa sababu wanauza nguo nyingi kuliko wanavyoweza kununua kutoka Marekani, nchi ambayo bidhaa zake wengi wao hawana uwezo wa kuzinunua. Agosti ikashushwa hadi asilimia 15, lakini miezi ile ya katikati wanunuzi walisitisha oda, na mshonaji ambaye oda imesitishwa halipwi akisubiri.

KiwandaKwanza

Kwa Lesotho nakuunga mkono bila kusita. Ule haukuwa ulinzi wa kiwanda chochote. Na naongeza upande mwingine, kisasi. China ilipojibu Julai 2018 kwa kutoza asilimia 25 kwa soya ya Marekani, wakulima wao walipoteza soko lao kubwa. Serikali ikalazimika kutangaza misaada ya dola bilioni 28 kwa miaka miwili. Mlipakodi akalipa kwenye bei, akalipa tena kwenye misaada.

Bado nasimama na ulinzi wenye sharti na tarehe. Ila nimeanza kuona kwamba wanaoutangaza ushuru wafungwe na kanuni ya kueleza mapema utamgharimu nani na kiasi gani.

Daftari

Hapo tumekutana. Bajeti inapowasilishwa, kila ushuru mpya uambatane na jedwali la athari kwa familia kwa ngazi za kipato, uwe na tarehe ya kuisha usipohuishwa kwa kura, na malighafi za wazalishaji wadogo kama Cherehani zichunguzwe kabla ya bidhaa zilizokamilika. Haya si mageni. Ule ushuru wa mashine za kufulia uliwekewa kikomo, ukaongezwa muda mara moja, na Februari 2023 ukaisha.

JiraniMwema

Swali la mwisho kutoka kwangu. Ushuru ukiondolewa, bei inashuka kweli? Au nyie wafanyabiashara mnabaki nayo mfukoni?

MgomboaMzigo

Nitakujibu bila kuzunguka. Inategemea tuko wangapi sokoni.

Siku ya tangazo, dukani kuna mzigo niliougomboa kwa ushuru wa zamani. Nikishusha bei siku hiyohiyo nimekula mtaji wangu na mkopo bado unadai. Kwa hiyo wiki za mwanzo bei haitasogea, na huo si wizi. Mzigo mpya ukifika, wa kwanza kuushusha sokoni anapunguza kidogo ili avute wateja, wa pili anapunguza zaidi kidogo, sisi wengine tunafuata tutake tusitake. Mahali penye waagizaji wengi, baada ya miezi michache mteja anaiona tofauti. Mahali penye wawili wanaojuana, haioni ng'o, tofauti inakuwa faida yao.

Kwa hiyo ukiniuliza wiki ya pili mbona bei ni ileile, nitakuonyesha karatasi za forodha za mzigo ulioko dukani, na tarehe yake. Ukiniuliza baada ya nusu mwaka na bado ni ileile, usikubali maelezo yangu. Nenda duka la jirani, na kama jirani naye kashikilia bei hiyohiyo, pelekeni malalamiko kwa mamlaka ya ushindani wa biashara mkiwa wengi, na risiti za kabla na baada mkononi.